Nyumba ya Bi Ruzuna Yapewa Leseni ya Barabarani

Nchi yetu ina bahati ambayo nchi nyingi hazina. Viongozi wetu husafiri sana, na hawarudi mikono mitupu. Mmoja alirudi na wazo la taa za barabarani zinazowaka mchana, ili wananchi waone vizuri kwamba tuna taa. Mwingine alirudi na wazo la kuisogeza saa sita ya mchana hadi jioni, ili jua lisiwachome wanaosubiri misafara. Kwa hiyo Waziri wa Wageni, Mheshimiwa Dakta Lwembe, aliporudi kutoka nchi ya baridi akiwa na wazo jipya, tulikaa tayari kuendelezwa.

Huko alikokwenda alikuwa ameona mji wa kale wa bandari, na ubavuni mwake uwanja mtupu ambako watu huegesha magari-nyumba. Gari-nyumba, alivyotufafanulia redioni, ni gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Mwenye gari hulala humo humo, asubuhi akatoka kwa miguu kuutembelea mji, jioni akarudi kupika. Waziri aliyatazama magari hayo kutoka dirisha la hoteli yake, akaona wivu kwa niaba ya taifa.

"Ndugu wananchi," alisema baadaye kwenye mkutano wa hadhara, "mtalii huyu anakuja na nyumba yake, godoro lake na chumvi yake. Kwetu anataka nini? Mahali patupu. Na ni nani asiyejua kwamba kwa mambo matupu nchi yetu haina mpinzani?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, maana nilikuwa nimekaa karibu na mpiga picha.

Ikaamuliwa kwamba Kituo cha Taifa cha Magari-nyumba kijengwe Tondwe, bandari yetu ya kale, ili wageni wakishaegesha waende kuiona. Tatizo lilikuwa moja tu: Tondwe haina mahali patupu. Nyumba zake za mawe zimebanana kiasi kwamba mwenye nyumba hii akipiga chafya, wa nyumba ya pili humwombea afya bila kuinuka kitandani. Vichochoro vyake ni vya upana wa punda mmoja, na punda wawili wakikutana lazima mmoja awe na adabu.

Wataalamu waliitwa. Walipima, wakala, wakapima tena, kisha wakagundua kwamba mahali patupu papo, ila pamekaliwa na mji. Wakashauri mtaa wa Forodhani ubomolewe, kwa kuwa ndio wa kale zaidi, na kwa hiyo umeshatumika vya kutosha. Ili mtalii asikose kitu, kila palipokuwa na nyumba patasimikwa kibao chenye picha ya nyumba hiyo. Waziri aliupenda ushauri huo. Alisema picha hazivuji mvua ikinyesha.

Ndani ya mtaa huo alikuwamo Bi Ruzuna binti Mselem.

Bi Ruzuna ni mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu huinamia kuisikiliza. Kazi yake ni kukodisha vyombo vya harusi. Ukumbi wake wa chini umejaa masufuria makubwa, masinia, majamvi, na maturubai pamoja na kamba zake. Hakuna mtu Tondwe aliyeoa, aliyeolewa au aliyezikwa bila masufuria ya Bi Ruzuna kuhusika. Nyumba yenyewe ina ghorofa mbili, na imesimama kwenye barabara ya bandari, mdomoni mwa mtaa. Babu yake aliijenga kwa mawe na chokaa, na yeye alizaliwa katika chumba cha juu kinachotazama bandari. Aliposikia redioni kwamba mtaa wake ni mahali patupu, aliizima, akaendelea kusugua sinia lile lile mpaka likaanza kumwonyesha uso wake. Hakupenda uso aliouona. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa.

Siku iliyofuata alikuja Mkuu wa Mji, Bwana Shaali Mwinyikombo, na kopo la rangi nyekundu la kuchorea alama ya kubomoa. Bi Ruzuna alimjua Shaali tangu akikimbia vichochoroni bila suruali, lakini sasa alikuwa na suruali, tai na dereva, kwa hiyo alimpa kiti. Akamtilia kahawa. Kisha akamwomba, kama hatajali, amsomee sheria yenyewe.

Bwana Shaali alifurahi. Tangu ateuliwe hakuna aliyewahi kumwomba asome. Alisimama, akajikohoza, akasoma kwamba ndani ya eneo la Kituo hairuhusiwi nyumba ya aina yoyote, isipokuwa nyumba yenye magurudumu.

Bi Ruzuna aliuliza kama sheria imetaja ni magurudumu mangapi. Bwana Shaali alitazama, akasema haikutaja. Bi Ruzuna akauliza kama imesema lazima yazunguke. Bwana Shaali alitazama tena, upande wa mbele na wa nyuma, akasema kuhusu hilo sheria imenyamaza.

"Basi naomba unisubiri mpaka alasiri kabla ya kupaka rangi yako," alisema Bi Ruzuna. "Nyumba yangu inajiandaa na safari."

Jirani yake alikuwa Fundi Dossa, mtengenezaji wa mikokoteni, mtu asiyeuliza maswali kwa sababu mdomoni mwake daima mna misumari. Alikuja na magurudumu ya mikokoteni, akatoboa ukuta wa mawe kwenye kona zake, akayafunga kwa vyuma. Mawili yaligusa ardhi. Mengine yalining'inia kidogo, lakini Fundi Dossa alisema hayo ni ya akiba. Majirani walitoka kutazama. Wengine walicheka, wengine walimsikitikia Bi Ruzuna, wakisema ujane na mawazo vimemzidi.

Alasiri Bwana Shaali alirudi na katapila. Dereva wa katapila alishuka, akayatazama magurudumu, akapanda tena na kuzima mashine. Alisema yeye ameagizwa kubomoa nyumba. Akibomoa gari, hiyo itakuwa ajali, na ajali ni kazi ya polisi.

Akaitwa Sajini wa usalama barabarani. Alizunguka nyumba mara kadhaa, akalipiga teke gurudumu moja kama wanavyofanya wenzake, akasema gari hili haliwezi kupewa leseni, kwani halina taa, vioo vya pembeni wala honi. Bi Ruzuna alitundika kandili mbili mlangoni. Alishusha kioo chake cha harusi, akakiegemeza dirishani kikitazama nyuma. Kwa honi alipiga sufuria la pilau kwa mwiko, na Sajini akakiri kwamba limesikika mpaka bandarini. Ilibaki breki. Bi Ruzuna alisema tangu gari hili litengenezwe halijawahi kushindwa kusimama. Sajini aliwaza, akaona ni kweli, akaandika breki ni bora kuliko zote alizowahi kukagua. Stika ya leseni ikabandikwa kwenye mlango wa mninga, juu ya komeo, na katapila likakosa njia ya kuzifikia nyumba za nyuma.

Bwana Shaali alifunika kopo lake la rangi. Wale waliomwona kwa karibu wanasema alitabasamu, lakini mimi sipendi kumsingizia mtumishi wa umma.

Ikafika siku ya ufunguzi. Mkuu wa Nchi mwenyewe angekuja kukata utepe. Kila kitu kilikuwa tayari: bendi, halaiki, geti lenye maandishi ya dhahabu, na choo cha wageni ambacho kilifungwa kwa kufuli ili wageni wasikichafue. Kilichokosekana ni gari-nyumba. Kumbe yalikuwa yamekuja mengi tu, lakini idara ya forodha iliyarudisha yote mpakani, kwa sababu sheria za nchi haziruhusu kuingiza nyumba iliyotumika.

Waziri Lwembe alitoka jasho mpaka tai ikabadilika rangi. Alimwambia Bwana Shaali kwamba Mkuu wa Nchi akifika na kukuta Kituo bila gari hata moja, wao wawili watatafuta kazi nyingine, na hakuna kati yao anayejua kazi nyingine. Bwana Shaali alimnong'oneza kwamba lipo moja. Lina leseni.

Hivyo ndivyo msafara ulivyosimama mbele ya mlango wa Bi Ruzuna. Yeye alikuwa amevaa kanga mpya, na alijua kwamba mtu yule akicheka tu, kesho katapila litarudi. Mkuu wa Nchi aliitazama nyumba kutoka chini mpaka juu. Alisema ni kubwa. Waziri alisema hili ni toleo la pwani, Mtukufu. Mkuu wa Nchi akauliza linakwenda kasi gani. Waziri alisema kasi yake ni ile ile ya maendeleo ya taifa. Mkuu wa Nchi alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia Bi Ruzuna na kumuuliza safari ilikuwaje.

"Ndefu, Mtukufu," alisema Bi Ruzuna kwa sauti yake ya chini. "Babu yangu ndiye aliyeianza."

Mkuu wa Nchi aliguswa sana. Aliwaambia waandishi kwamba hapa tunaye mtalii aliyesafiri vizazi vitatu kuja kuiona nchi yetu, na kwamba maadui wa taifa wasiotaka kuja hata kwa wiki moja wajifunze kwa mama huyu. Akakata utepe. Akapanda ngazi, akanywa kahawa chumba cha juu, akatazama bandari dirishani na kusema mandhari yanayopita ni mazuri.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulirudisha katapila. Mtaa mzima ulimwendea Fundi Dossa. Wale waliomcheka Bi Ruzuna walikuja wakiwa na magurudumu ya baiskeli, ya vigari vya watoto, ya toroli la hospitali. Mwisho wa msimu Forodhani yote ilikuwa na leseni, pamoja na msikiti mdogo, uliosajiliwa kama gari la abiria. Serikali ilitangaza kwamba tunaongoza barani kwa idadi ya magari-nyumba, na kwamba wageni wetu wameipenda nchi mno hata hawaondoki. Waziri Lwembe alitunukiwa nishani. Kituo kikajaa, kikawekewa kibao: KIMEJAA.

Hapo ndipo lilipokuja gari-nyumba la kweli.

Lilikuwa basi la zamani la abiria, rangi imebanduka ubavuni. Mwendeshaji wake alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu wa bara, na pembeni yake alikaa mkewe Nyamizi. Kwa maisha yake yote ya kazi Mzee Ng'wandu aliendesha basi kutoka kwao hadi stendi ya Tondwe. Alifika stendi, akashusha abiria, akapakia wengine, akageuza. Mji ulikuwa nyuma ya ukuta wa stendi, na yeye hakuwahi kuuona, kwani ratiba haikumpa nafasi. Nyumbani watoto wakimuuliza Tondwe ikoje, aliwaeleza stendi. Alipostaafu, Nyamizi, aliyekuwa amemsubiri miaka yote hiyo, alisema sasa wataondoka wote wawili, na safari hii wakifika hakuna kugeuza. Walinunua basi lililochoka, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko la mafuta, mapazia na kuku mmoja wa mayai. Walisikia redioni kuna kituo.

Getini Bwana Shaali aliwaeleza kwa upole kwamba Kituo kimejaa. Aliwaeleza pia kwamba Kituo ni cha wageni, na mgeni wa nchi hii hawezi kuwa mtu wa nchi hii. Zaidi ya hayo, alisema, gari lao lina injini, jambo ambalo halijawahi kutokea Kituoni, na hana fomu ya kulishughulikia. Aliwapa mpaka jioni waondoke, vinginevyo litavutwa. Mzee Ng'wandu hakubisha. Alizoea kuambiwa ageuze.

Bi Ruzuna aliwaona aliporudi kutoka kupeleka masufuria kwenye harusi. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, nje ya geti, akichambua mchicha bila haraka, kama mtu ambaye ameamua kwamba kama ni kufukuzwa, atafukuzwa akiwa ameshakula. Bi Ruzuna alisimama kumsalimia. Nyamizi alimwonyesha basi: kitanda, mapazia aliyoshona mwenyewe, kuku. Akamweleza habari za stendi. Alisema mume wake yuko ndani amelala ameelekea ukutani, na si kawaida yake kulala mchana.

"Walisema hakuna nafasi," alisema Nyamizi. "Nimechungulia getini nimeona nyumba tu. Hayo magari yaliyojaa yako wapi, shoga yangu?"

Bi Ruzuna aliaga haraka. Alikwenda nyumbani, akakaa juu ya sufuria lililopinduliwa, akajiona vibaya. Uongo wake ulikuwa umewaponya watu wa mtaa mzima, na hakuujutia hata siku moja, lakini sasa ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mtu. Akatoka tena kumtafuta Bwana Shaali. Alimkuta ofisini, akamwambia atoe magurudumu ya nyumba yake, nafasi wapewe wale wazee.

Bwana Shaali aliinuka akafunga mlango. Alimwambia asirudie maneno hayo mahali popote. Magurudumu yakitoka, nyumba inakuwa nyumba, na katapila lipo bado, linalipiwa mafuta kila mwezi. Hakuna njia. Kituo ni cha magari-nyumba yaliyosajiliwa, basi. Gari-nyumba na tela lake, ikiwa linalo.

"Na tela lake?" aliuliza Bi Ruzuna.

Bwana Shaali aliutazama uso wake, akaanza kuogopa.

Kabla jua halijatua, Bi Ruzuna na Fundi Dossa walitoa ukumbini kamba ndefu ya turubai la harusi. Ncha moja waliifunga kwenye pete ya mlango wa mninga. Ya pili waliifunga mbele ya basi. Majirani walisogeza masufuria na watoto, basi likaingia getini kinyumenyume, taratibu, na kusimama ubavuni mwa nyumba kama ndama aliyempata mama yake. Kuku alitaga kwa mshtuko.

Bwana Shaali alikuja kukagua. Aliishika kamba, akaifuata kwa macho kutoka upande huu hadi upande ule.

"Bi Ruzuna, basi lina injini. Nyumba haina. Nani anamvuta nani?"

"Wewe unaona kitu chochote kinachotembea hapa?"

Hakuona. Aliandika kwamba gari-nyumba la Bi Ruzuna limewasili likivuta tela la ukubwa wa basi, bila kuharibika. Wizara ilipopata habari hizo ilitoa taarifa ya kupongeza uwezo wa injini zetu za ndani.

Jioni ile walikula pamoja ukumbini, katikati ya masinia. Mzee Ng'wandu alisema maneno machache. Aliuliza kama ni kweli asubuhi anaruhusiwa kutoka kwa miguu na kwenda popote. Akaambiwa ni kweli. Akauliza saa ngapi anatakiwa kurudi. Akaambiwa hakuna saa. Aliweka kijiko chini, na Nyamizi akamsogezea bakuli la mchuzi bila kumtazama.

Asubuhi, kabla hawajatoka, Bwana Shaali alibisha hodi. Hakuwa na tai wala dereva. Alikataa kiti. Alisema amepokea ramani ya Awamu ya Pili: Kituo kimejaa mno, kwa hiyo taifa linapanua, na mtaa unaofuata ni ule wa nyuma ya forodha. Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Bi Ruzuna hakuwa ameisikia tangu mtu huyo akiwa mtoto, kama Fundi Dossa amebakiwa na gurudumu lolote. Mama yake anakaa mtaa huo.

Fundi Dossa, aliyeitwa kutoka nyumba ya pili, alitoa misumari mdomoni ili aseme kwamba yameisha. Mji mzima umeisha magurudumu.

Hapo Mzee Ng'wandu alitoka nje. Walimsikia akipanda ngazi ya nyuma ya basi lake. Aliteremsha kutoka paani tairi la akiba, zito, jeusi, refu mpaka kiunoni mwake, akalipiga makofi kulitoa vumbi na kusema liko zima, halijawahi kuguswa. Akauliza ni wapi kwa mama.

Hivi ndivyo Mzee Ng'wandu na mkewe walivyoutembelea mji wa kale wa Tondwe. Walilisukuma tairi vichochoroni, Mkuu wa Mji akitangulia kuwafungulia njia. Penye kona Bwana Shaali alisimama ili tairi lipumzike, akawaonyesha: hapa palikuwa soko la chumvi, hapa mlango umechongwa na mtu aliyekuwa kipofu, hapa mimi nilivunjika jino. Mwanzoni alisema kama ofisa, kisha akasahau. Watu walitoka barazani kumsalimu Mzee Ng'wandu, wakamuuliza ya kwao bara. Nyamizi aligusa kila ukuta aliopita. Penye mteremko wa kuelekea bandarini tairi liliwatoroka, na wote watatu walikimbia nyuma yake, Mkuu wa Mji akipiga kelele watu wapishe, mpaka likagonga ukuta wa ghala la zamani na kulala. Mzee Ng'wandu aliketi juu yake, akihema, akaitazama bandari kwa muda wake mwenyewe. Hakuna aliyemharakisha.

Mama yake Bwana Shaali, Bi Mashavu, alikuwa kibarazani akipepeta mchele walipofika. Alilitazama tairi. Aliwatazama wageni. Kisha akamtazama mwanawe, shati limelowa, mikono myeusi kama ya mchoma mkaa, akamuuliza anampeleka wapi na uzee huu.

"Nakusafirisha, mama," alisema Bwana Shaali, "ili usihame."

Bi Mashavu aliuweka ungo chini. Alisogeza sufuria lililopandwa mrihani kando ya mlango, akawaonyesha mahali pa kuliegemeza tairi bila kumzibia njia ya jikoni, akawauliza wageni kama wamekunywa chai.